Mzalia na Binti wa Mtemi: Wanawake wa Ukoo katika "Maisha" ya Tippu Tip

Kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, kimesomwa sana kwa ajili ya vita na pembe zake, na kidogo mno kwa ajili ya wanawake waliomo. Yeye mwenyewe alikiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, alipokuwa mzee Unguja. Dr. Heinrich Brode alikigeuza katika herufi za Kilatini na kukitoa Berlin mwaka wa 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Baadaye marehemu Profesa Whiteley alikitoa tena, Kiswahili pamoja na Kiingereza, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, mwaka wa 1958 na 1959. Katika makala haya nakusudia kukisoma kwa njia isiyo ya kawaida, yaani kama mtu asomavyo karatasi ya ukoo wake akitafuta bibi yake.

Sababu yangu si ya elimu peke yake, na msomaji ana haki ya kuijua tangu mwanzo. Ukoo wa mama yangu ni watu wa Tabora. Katika ukoo huo iko karatasi moja iliyokuwa mwishoni mwa kitabu cha dini, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu na kaka yake bibi yangu. Karatasi hiyo yataja waliozaliwa na waliofariki. Kila mwanamume ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Juu kabisa, mahali pa mama yake mwandishi, pana jina moja tupu, la namna ile ya Zawadi, Faida, Tunu na Bahati, na baada ya jina maneno manne: mzalia wa shamba, Kwihara. Mwaka haukuandikwa. Lakini mtoto wake wa kwanza husemwa kwamba alizaliwa mwaka ambao reli ilifika Tabora, nao ni 1912. Basi mama huyo, kwa kukisia, alizaliwa katika miaka ya 1890.

Mwaka juzi mjomba wangu aliazimia kuipiga chapa shajara ya ukoo, igawiwe wajukuu. Alinipa karatasi ile niisome, kisha akaniambia, "Mjomba, wewe ndiwe msomi wetu. Hapo juu andika: binti wa mtemi wa Manyema. Ndivyo tulivyosikia." Nilimwuliza nani aliyesikia, na kwa nani. Akacheka, akasema kwamba wazee hawaulizwi hivyo. Nami nikakumbuka kwamba maneno kama hayo nimekwisha kuyasoma, tena katika kitabu cha mtu maarufu kuliko wote waliopita njia ile ya misafara.

Msomaji wa "Maisha" anaijua habari yenyewe. Hamed amefika karibu na nchi ya Utetera, magharibi ya ziwa la Tanganyika, kabla ya kukutana na Cameron mwaka wa 1874. Huko anatawala mzee Kasongo Rushie. Zamani, mtawala wa Urua aliiteka nchi hiyo na kuchukua mateka, na miongoni mwao walikuwa dada wawili wa Kasongo, Darimumba na Kitoto. Hamed anajitokeza na kudai kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, alimpata Darimumba huko Urua, akamchukua pwani, akamfanya suria, naye ndiye aliyemzaa mama yake. Basi yeye ni mjukuu wa dada yake Kasongo. Mzee anaamini, anafurahi, na mwishowe anamwachia Hamed utawala wake.

Wanahistoria wengi wameiona habari hii kuwa hila, nami sina sababu ya kuwapinga. Lakini kusema "hila" si kumaliza kazi ya msomaji. Hila haifai kitu isipokuwa imefanana na jambo lililozoeleka. Kasongo alikuwa amepotelewa na ndugu wawili wa kike. Wanawake kwa maelfu walikuwa wamepelekwa mashariki kwa njia ile, kuvuka ziwa, kupitia Ujiji na Uvinza mpaka Tabora, na wengine mpaka Bagamoyo na Unguja. Kwamba mmoja wao awe amezaa, na mjukuu wake arudi siku moja na bunduki na lugha ya kigeni, halikuwa jambo la ajabu, bali ni jambo lililotazamiwa na kila nyumba iliyofiwa hivyo. Sijui ukurasa mwingine wa Kiswahili cha zamani ambamo msiba wa walioachwa nyuma unaonekana wazi namna hii, nao unaonekana kwa sababu mtu alipata faida kwao.

Tazama sasa jinsi bibi huyo anavyoingia katika maneno. Ana jina, ana kaka, ana nchi. Hana neno lake mwenyewe ila moja, nalo ni lile analosemeshwa na mjukuu: kwamba kwao ni watu wakubwa. Tangu kutekwa mpaka kuzaa hatuambiwi kitu. Alikula nini, alilima wapi, alijifunza Kiswahili kwa nani, alikufa lini, yote hayo hayana kazi katika madai, basi hayamo. Bibi huyu ni hati ya kumiliki nchi, na hati haisimuliwi maisha yake.

Mwanamke wa pili ni Karunde, na huyu ni wa Tabora yenyewe. Alikuwa binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, ambaye alikuwa akitawala Burton na Speke walipofika Kaze mwaka wa 1857. Baba yake Hamed, Muhammed bin Juma, alimwoa, na kwa ndoa hiyo akawa mtu mwenye sauti katika Unyanyembe. Hapa hapana hila, na tunao ushahidi mwingine wa mambo ya nyumba ile. Walakini namna ya kusimulia ni ile ile. Karunde anatajwa pale ambapo heshima inapita kutoka kwa baba yake kwenda kwa mumewe, kama maji yapitavyo mferejini.

Linganisha na mke wa Hamed mwenyewe huko Unguja, bibi mwenye mali nyingi. Yeye anaitwa binti Salum bin Abdalla el Barwani, basi. Jina lake la utotoni hatulipati. Hivi ndivyo adabu ya pwani ilivyokuwa: bibi wa heshima hufunikwa kwa jina la baba yake kama afunikwavyo kwa buibui. Karunde na Darimumba wana majina yao wazi kwa kuwa ni watu wa bara, na adabu ile haikuwahusu. Chini yao kuna wale ambao wana jina wazi na hawana baba kabisa. Mtafutaji wa nasaba hana budi kuijua kanuni hii, maana ndiyo inayomwongoza gizani: katika maandishi ya Kiswahili ya wakati ule, mwanamke akiandikwa kwa jina la baba pasipo lake, ni muungwana wa pwani, akiandikwa kwa jina lake na baba mtawala, ni wa ukoo wa watemi, akiandikwa kwa jina lake tupu, tena jina la zawadi au la faida, yaelekea alikuwa mtu wa mtu. Najua kwamba kanuni hii ina vighairi. Lakini jina la karatasi yetu liliniambia mengi kabla sijafika kwenye yale maneno manne.

Katika nasaba ya Hamed mwenyewe yuko mwanamke wa aina hii ya tatu, na wasomaji humpita bila kumwona. Rajab bin Muhammed el Murjebi, baba wa babu yake, alioa binti ya Juma bin Muhammed el Nebhani. Mama wa binti huyo alikuwa Mwafrika wa Mbwamaji, kijiji cha pwani kusini ya Dar es Salaam. Jina lake halikupokewa. Darimumba wa kubuniwa, au wa kuazimwa, ana jina na kaka na ufalme. Mwanamke wa Mbwamaji ana kijiji tu. Huyu hakuleta nchi wala pembe, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumkumbuka kwa jina.

Sasa tuje kwenye neno "mzalia". Kitenzi -zaa kina kauli ya kutendea, -zalia, na kauli ya kutendwa, -zaliwa. Mzaliwa ni yule aliyezaliwa, nalo ni neno lisilo na tatizo: mtu ni mzaliwa wa Tabora, wa Songea, wa London. Mzalia ni neno gumu zaidi. Umbo lake ni la kutenda, maana yake ni ya kutendwa, na ndani yake imo kauli ya kutendea ambayo humlazimisha msikilizaji aulize: kwa nani? mahali gani? Kamusi za zamani zalifasiri kuwa mtu aliyezaliwa mahali fulani, na hasa mtumwa aliyezaliwa kwa bwana wake. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi, maana neno halikusimama peke yake. Lilisimama mbele ya jingine, nalo ni "mjinga". Anayesoma "Desturi za Wasuaheli" za Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, zilizotolewa na Velten mwaka wa 1903, ataona jinsi watu wa pwani walivyopima utumwa kwa vipimo vingi. Mjinga ni aliyeletwa karibuni, hajui lugha, hajui desturi, na huweza kuuzwa tena bila mtu kushangaa. Mzalia anajua lugha tangu ziwa la mama yake, ana majirani, ana wajoli wenzake, na kumwuza lilikuwa jambo la kumwaibisha bwana. Kwa hiyo neno hili lilimshusha mtu chini ya mwungwana na kumpandisha juu ya mjinga kwa wakati mmoja.

Na "shamba"? Mtu wa shamba si mtu wa nyumbani. Kwihara, kusini ya mji wa Tabora, palikuwa na matembe ya Waarabu na viunga vyao. Wasafiri waliopita wameandika juu ya mpunga, ngano na vitunguu vya Unyanyembe, na aghalabu wamesahau kuuliza nani aliyeshika jembe. Tusidhani pia kwamba mashamba hayo yalikuwa ya Waarabu tu. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia ile, na miezi ambayo vijana walikuwa safarini, wakienda pwani na kurudi, kazi ya kilimo ilibaki kwa wanawake na, katika nyumba za wenye uwezo, kwa watumwa walionunuliwa kutoka magharibi. Hivyo mzalia wa shamba wa Kwihara angeweza kuwa wa Mwarabu, au wa mtemi, au wa mpagazi aliyetajirika. Karatasi yetu haisemi "wa fulani". Mwandishi ameacha jina la bwana, naye alilijua bila shaka. Katika karatasi nzima hili ndilo jambo linalonifurahisha zaidi.

Niruhusiwe kuongeza neno moja juu ya Kwihara. Livingstone alikaa katika tembe la huko tangu Februari mpaka Agosti 1872, na maiti yake ikapitishwa hapo mwaka uliofuata ikielekea pwani. Katika msafara wake alikuwako Halima, mpishi, na jina lake limehifadhiwa kwa kuwa bwana mwenye daftari alikula chakula chake. Mwaka wa 2019 Petina Gappah wa Zimbabwe alimpa Halima sauti katika riwaya ya Kiingereza. Wale waliopanda na kutwanga nafaka iliyolisha msafara huo hawakuwa na mwenye daftari.

Je, hati za serikali zingetusaidia? Wadachi walitoa hati za uhuru, na tangu 1891 mpaka 1912 waliopewa walizidi watu 50,000 katika koloni nzima. Lakini hati ilimhitaji mtu akombolewe, au ajikomboe, au afike mbele ya ofisa kwa shauri. Aliyekaa shambani bila shauri hakuandikwa. Amri ya Desemba 1904 ilisema kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru tangu kuzaliwa. Mama yake bibi yangu alikuwa amekwisha kuzaliwa. Watoto wake ndio waliopata uhuru huo, naye akabaki katika hali yake akiwalea. Kisha, mwaka wa 1922, Waingereza walifuta utumwa Tanganyika kwa sheria moja iliyowahusu wote, na kwa kuwa iliwahusu wote haikumpa yeyote karatasi. Basi alizaliwa mapema mno kwa sheria ya kwanza, na sheria ya pili ilimfanya huru bila kumtaja. Katika majalada ya Kijerumani yaliyohifadhiwa Dar es Salaam sikumwona, wala sikutazamia kumwona. Mapadri Weupe walifungua nyumba yao Kipalapala, karibu na Tabora, katika miaka ya 1880, wakakomboa watoto, na vitabu vya ubatizo vya misheni za namna hiyo ni hazina kubwa kwa mwenye bibi Mkristo. Bibi yetu alikuwa Mwislamu.

Wenzetu wamefanya kazi nzuri mahali pengine. Marcia Wright alikusanya mwaka wa 1993 habari za wanawake waliopitia utumwa kati ya maziwa ya Nyasa na Tanganyika, nyingi zikiwa zimeandikwa kwanza na wamisionari. Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa mwaka wa 1989 maisha ya wanawake watatu wa Mombasa kwa maneno yao wenyewe, na mmoja wao, Mishi wa Abdala, asili yake ni watumwa naye hakuificha. Kitabu hicho kilitoka pia kwa Kiswahili, jambo ambalo lingepasa kuwa desturi. Kwa Tabora sijakiona kitabu cha namna hiyo, na wazee waliowasikia wazalia kwa masikio yao wanapungua kila mwaka.

Nilimrudia mjomba na hoja yangu, nayo ni hii. Kaka yake bibi hakuandika "mzalia" kwa kumtukana mama yake. Aliandika kwa kumwinua. Alikuwa akiwaambia watakaosoma kwamba mama huyu hakuletwa kwa mnyororo. Alizaliwa hapa, lugha hii ni yake, na shamba lile, hata kama si mali yake, ndipo kwao. Kwa kipimo cha wakati wake lilikuwa neno la mwenyeji. Sasa sisi, kwa kuona haya, tunataka kumfanya binti wa mtemi wa Manyema. Lakini ili awe binti wa mtemi wa Manyema na tena mama wa watu wa Tabora, hatuna budi kwanza kumteka, kumfunga, na kumvusha ziwa. Ndivyo alivyofanya Tippu Tip: ili apate bibi mwenye ufalme, ilimlazimu amfanye mateka. Hakuna njia nyingine ya kutoka ikulu ya Utetera mpaka nyumba ya Habib bin Bushir. Mama yule aliyeandikwa na mwanawe kuwa mwenyeji tungemrudisha, kwa heshima zote, katika msafara.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba huenda mama wa mama huyo ndiye aliyeletwa, na ndiye aliyekuwa binti wa mtemi. Sikuwa na jibu. Kila mzalia ana mama aliyeletwa, au bibi aliyeletwa, na kwamba mmoja wao awe mtoto wa mtawala si muhali. Wafalme nao walitekwa. Nilichoweza kumwambia ni kwamba huyo hayumo katika karatasi, na kwamba akitaka kumwandika na aandike juu yake alama ya kuuliza. Alisema shajara haina alama za kuuliza.

Shajara imekwisha kutoka, kwenye karatasi nzuri yenye ukingo wa kijani. Binti wa mtemi hayumo, nami nashukuru. Mahali pake pameandikwa: mzaliwa wa Kwihara. Shamba limeondolewa, na herufi moja imeongezwa. Mjomba asema kwamba hicho ndicho Kiswahili sanifu, na kwa kanuni za sarufi hakukosea. Katika nakala yangu nimeifuta ile "w" kwa kalamu, nikaandika pembeni, kwa herufi za Kiarabu kama zilivyokuwa, maneno manne ya kaka yake bibi.